Azraq: Chemchemi Zilizokauka na Ndege Waliosalia



Wasomaji wetu wapenzi, zinapotajwa safari za nchi za Kiarabu, fikira za wengi wetu huelekea Makka na Madina, na ni haki ziende huko. Juma hili tunaomba ruhusa tuwapeleke mahali ambapo msafiri wa pwani yetu hafiki aghalabu: mji mdogo wa Azraq, katika jangwa la mashariki ya Jordan. Tulizuru huko mwezi wa Shawwal, uliosadifu Aprili. Tulikuwa watatu: mwandishi wenu, bibi wa nyumba yetu, na kijana wetu wa mwisho anayesoma Amman. Yeye ndiye aliyetushawishi. Alituambia kwa simu, "Baba, nyinyi ni watu wa visima. Njooni mwone mahali chemchemi zilipokufa."

Neno hilo lilituchoma kuliko alivyodhani, na sababu yake tutaieleza mbele.

Njia ya majumba ya kale

Kutoka Amman hadi Azraq ni mwendo wa kilomita 100 hivi kuelekea mashariki. Ukishaviacha vilima vya mji, mizeituni hupungua, kisha hutoweka, ikabaki ardhi ya changarawe iliyonyooka hadi upeo wa macho. Katika ukiwa huo yamesimama majumba ya kale, moja baada ya jingine. La kwanza ni Kharana, jengo la mraba lenye ghorofa mbili, ambalo kwa mbali hufanana na sanduku lililosahauliwa na msafara. Hatukukaa hapo sana.

La pili ni Qusayr Amra, nalo latosha peke yake kumtoa mtu nyumbani. Ni jumba dogo la mapumziko na hamamu, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 8 katika zama za Bani Umayya. Mwaka 1985 liliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na mwaka 2012 mafundi waliokuwa wakisafisha kuta walifichua maandishi yenye jina la Walid bin Yazid, ambaye baadaye alitawazwa khalifa. Ndani, kuta zimejaa picha za rangi: wawindaji, wanyama, mafundi wakiwa kazini. Zimo pia picha za watu waogao ambazo hazifai kutazamwa kwa makini na familia, na bibi alitutangulia kwenda chumba cha ndani bila ya kuambiwa. Huko, juu ya chumba cha maji ya moto, limo kuba lililochorwa mbingu na makundi ya nyota. Sisi ambao babu zetu walivuka bahari kwa kuzitazama nyota hizo hizo, tulisimama chini yake kitambo, shingo zimetuuma.

Lakini kilichotukaa moyoni zaidi kiko nje ya jumba: kisima kirefu kilichojengewa mawe, na kando yake mahali palipozungushiwa gurudumu la kuvutia maji. Mnyama alifungwa kwenye mti, akazunguka mchana kutwa, maji yakapanda kidogo kidogo hadi kwenye birika la hamamu. Kijana wetu aliuliza kwa nini watu wale waliridhika na kazi ya polepole namna hiyo. Bibi akamjibu, "Mnyama huchoka, mwanangu. Naye akichoka, kisima nacho hupumzika."

Mji wa mawe meusi

Jina la Azraq maana yake ni buluu, na aliyelitoa alikuwa anatazama maji. Siku hizi mgeni anapoingia huona kwanza weusi. Mji uko kiasi cha mita 500 juu ya bahari, pembezoni mwa uwanda mpana wa mawe meusi yaliyotapikwa na volkano za zamani. Mvua haifiki milimita 100 kwa mwaka. Ni barabara kuu, malori yatokayo mpaka wa Saudia na Iraq, maduka ya chai, na vumbi.

Wakazi wake ni watu wa asili mbalimbali, na hapo ndipo historia ya mahali inapopendeza. Mabedui walinywesha ngamia wao hapa tangu enzi na enzi, kwani Azraq ni mlango wa Wadi Sirhan, njia ya misafara baina ya Sham na bara Arabu. Mwanzoni mwa karne ya 20 walifika Wachecheni, Waislamu wa milima ya Kaukasi waliohama utawala wa Warusi wakatafuta hifadhi katika dola ya Uthmaniya. Hao walikaa upande wa kusini, kwenye vidimbwi, wakalima, wakavua samaki na kufuga nyati wa majini. Upande wa kaskazini wakafanya maskani Wadruzi kutoka Jabal al-Druze ya Syria, wakajipatia riziki kwa kuvuna chumvi. Mpaka leo vitongoji hivyo viwili vinajulikana kwa majina yao.

Kitongojini mwa Wadruzi ndipo ilipo ngome. Warumi ndio walioanza kujenga hapo, yapata mwaka 300. Bani Umayya waliitumia baada yao. Kisha Izzuddin Aybak akaijenga upya, na maandishi yake ya Kiarabu yangali juu ya lango. Tuliyasoma kwa taabu, herufi kwa herufi, hadi tulipofikia mwaka: 634 Hijria, yaani 1237 Miladia. Katika majira ya baridi ya 1917 kuingia 1918, wapiganaji wa uasi wa Waarabu dhidi ya Waturuki walipiga kambi humo pamoja na Mwingereza T. E. Lawrence, na chumba alicholala huonyeshwa wageni. Tetemeko la ardhi la 1927 liliangusha sehemu kubwa ya kuta. Hata hivyo ipo milango ya jiwe tupu, mizito mno, ambayo ungali unaweza kuisukuma ikazunguka kwenye tundu zake. Katikati ya ua umo msikiti mdogo wa mawe hayo hayo meusi. Tuliswali humo rakaa mbili za kuamkia msikiti, juu ya sakafu baridi, na upepo ukipita tulipo kama hakuna kuta.

Maji yaliyokuwapo

Sasa tuingie katika habari ya maji, maana bila ya maji kusingekuwa na ngome wala mji.

Mvua na theluji ziangukazo juu ya milima ya Syria, kaskazini ya hapa, huzama katika nyufa za mawe meusi, zikasafiri chini ya ardhi kwa muda mrefu sana. Bonde zima linalomimina maji yake kuelekea Azraq lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 12,000. Azraq ndipo palipo chini kuliko pote, na hapo maji yalikuwa yakibubujika yenyewe. Upande wa kusini zilikuwapo chemchemi mbili mashuhuri, Ain Soda na Ain Qaysiyya, zikajaza vidimbwi na kinamasi cha matete katikati ya jangwa kavu.

Wanaadamu wamelijua hilo tangu zama zisizoandikwa. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba, juu ya zana za mawe zenye umri wa miaka 250,000 hivi zilizochimbuliwa kando ya kinamasi hiki, walikuta mabaki ya wanyama waliochinjwa kwazo: kifaru, farasi, ngamia, na bata pia. Yaani kabla ya kuwapo mji, ngome wala msafara, palikuwapo mtu aliyekaa hapa akimkata bata kwa jiwe.

Na ndege walikuwa wengi kweli. Azraq iko katika njia kuu ya ndege wahamao baina ya Ulaya na Asia kwa upande mmoja na Afrika kwa upande wa pili. Kiumbe mwenye gramu chache tu, akishavuka mamia ya kilomita za jangwa, anahitaji pahala pa kunywa na kula kabla ya kuendelea. Tarehe 2 Februari 1967 waliohesabu ndege hapa walipata 347,000. Mwaka 1977 Azraq iliandikishwa katika mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi oevu, na mwaka uliofuata Jumuiya ya Kifalme ya Uhifadhi wa Mazingira ikatenga kilomita za mraba 12 kuwa hifadhi.

Lakini Amman ilikuwa inakua. Wakimbizi wa vita baada ya vita walikuwa wakiingia, nao walikuwa na kiu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 visima vikubwa vilichimbwa Azraq na maji yakapelekwa kwa mabomba hadi mji mkuu. Pamoja na hivyo vikachimbwa visima vya mashamba, mamia kwa mamia, vingi bila ya idhini. Maji yakavutwa kuliko yanavyorudi. Chemchemi zilidhoofika mwaka hadi mwaka, na mnamo 1992 zikakauka kabisa. Tarehe 2 Februari 2000, siku ile ile ya mwezi, ndege walihesabiwa tena. Walikuwa 1,200.

Mzee mmoja wa Kichecheni tuliyekaa naye kwenye kituo cha hifadhi alituambia kwamba utotoni mwake mama yake alimkataza kwenda majini peke yake, kwa kuwa kina kilikuwa kirefu. Alinyoosha mkono kuonyesha mahali, na palikuwa na udongo uliopasuka. Tulimuuliza kama ana kinyongo na watu wa Amman. Alinyamaza, kisha akasema, "Ya sheikh, lau angekuwa adui ametunyang'anya, ningejua la kusema. Walikunywa ndugu zetu."

Tulitazamana na bibi. Asubuhi ile tulikuwa tumeoga na kutawadha katika nyumba ya kijana wetu, Amman, ambako maji ya bomba huja siku moja au mbili kwa juma na kila dari imebeba matangi. Huenda maji yale yalitoka hapa.

Ndege waliosalia

Msomaji asidhani kwamba hakuna kilichobaki. Tangu miaka ya 1990, kwa jitihada za hifadhi, maji kiasi hurejeshwa kwenye kinamasi kwa bomba, na lengo lililowekwa ni kuhuisha sehemu ya kumi tu ya eneo la asili. Ni kidogo, lakini ndege hukitambua kidogo hicho.

Tuliingia mapema, jua likiwa bado pole. Njia ya miguu ina urefu wa kilomita moja na nusu hivi, sehemu yake ni ya mbao juu ya maji, na hata mtu mzima mwenye magoti mabovu, kama mwandishi wenu, huimaliza. Hupita kando ya ukuta wa mawe meusi unaohesabiwa kuwa wa zama za Bani Umayya. Nyati wa majini nao wamerudishwa, maana ndio walao matete yasizibe maji. Mwisho wa njia kipo kibanda chenye matundu ya kuchungulia. Hapo ndipo pa kukaa kimya.

Tulikaa saa nzima. Yangeyange walikuwa wakivua kando kando, weupe kama kanzu za Idi. Ndege wa jamii ya kipanga, mwenye mabawa marefu, alipita chini chini juu ya matete, na kila alipopita bata walisogea pamoja. Mbayuwayu walinywa wakiruka, wakigusa maji kwa kidevu. Kisha kwenye matope ya ng'ambo wakatua ndege wadogo wa kijivu, wakikimbia na kudona, wakikimbia na kudona. Bibi, ambaye utoto wake ulipita karibu na hori la Mida, alinishika mkono na kunong'ona, "Baba Salma, hawa si kitwitwi wetu?"

Walikuwa wao hasa, au wa kabila lao. Kitwitwi na wenzao ambao watoto wa Mida na wa mlango wa mto Sabaki huwaona matopeni maji yakitoka, kuanzia mwezi wa Agosti hadi Aprili, si wenyeji wa kwetu. Huzaa katika nchi za baridi za kaskazini, wakaja kwetu kukimbia majira ya baridi, na wakati wa kurudi ukifika huondoka. Wengine katika ndege wa safari hiyo hupita njia hii. Sisi tulifika Azraq kwa ndege ya abiria, tukiwa na chakula na blanketi, na bado tulilalamika kuchoka.

Kabla ya kutoka, mlinzi wa hifadhi alituonyesha tangi la kioo lenye samaki wadogo, hawazidi urefu wa kidole, wenye mistari ya fedha na nyeusi. Huyo ni sirhani, samaki asiyepatikana popote duniani ila Azraq. Chemchemi zilipokauka alikaribia kutoweka. Wakapatikana wachache waliosalia, wakatunzwa na kuzalishwa, kisha wakarudishwa kwenye maji.

Kisima chetu

Kumwona samaki yule ndiko kulikoturudisha Lamu, katika nyumba tuliyozaliwa. Wazee wetu walikuwa na birika la kuogea, na ndani ya birika walifuga visamaki vidogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika fundi alikuwa amejengea bakuli la kaure, ili maji yakishuka au birika likisafishwa, samaki wapate pa kubakia wakingoja maji mapya. Utotoni tulilidhania kuwa ni pambo tu.

Maji ya birika yalitoka kwenye kisima cha nyumba, na yalikuwa matamu. Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyateka kwa ndoo na kuyatumia kwa kata. Tulipokuwa vijana wenye kipato cha kwanza, tukitaka kumpumzisha mikono, tulimnunulia mashine ya umeme ya kuvutia maji. Alitushukuru, kisha akasema neno moja: "Kisima hakitaki haraka." Tulicheka. Majirani waliona, nao wakaweka zao. Baada ya miaka kadhaa chai ya nyumbani ikaanza kuwa na ladha ya chumvi. Maji matamu ya ardhini yanapovutwa kwa wingi, ya bahari huingia mahali pake. Mama hakutulaumu hata siku moja. Alikuwa akionja chai, akiweka kikombe chini, basi.

Hatukuwa maadui wa kisima kile. Tulikuwa watoto wema tunaomtakia mama yetu raha. Ndiyo maana maneno ya mzee wa Kichecheni yalituingia: walikunywa ndugu. Chuoni tulifundishwa sote kwamba israfu ya maji ni makuruhu hata kwa anayetawadha kwenye mto upitao. Tuliihifadhi hukumu hiyo, tukaisomesha wengine, na mashine ikaendelea kuvuta.

Leo mji wa Lamu hutegemea maji yaliyohifadhiwa chini ya vichuguu vya mchanga vya Shela. Mvua huanguka juu ya mchanga, ikachujwa na kutulia chini, kama ile ya Azraq inayosafiri chini ya mawe. Vichuguu hivyo vinapendeza macho ya wageni, na wapo wanaotamani kujenga juu yake. Enyi watu wa Lamu, na enyi wa miji mingine yenye visima, tunawaomba mtizame mchanga ule kwa jicho la mtu aliyekwisha kuona udongo uliopasuka wa Ain Soda.

Kwa watakaokwenda

Familia itakayojaaliwa kufika Jordan, pengine kwa kuunganisha na umra, inaweza kuizuru Azraq kwa siku moja kutoka Amman, ingawa kulala usiku mmoja ni bora, ili muamke na ndege. Majira mazuri ni ya vuli, baridi na machipuo. Kiangazi joto ni kali mno. Chukueni darubini, maji, na nguo nzito kwa usiku, maana jangwa hupoa ghafla. Nyumba ya wageni ya hifadhi ilikuwa hospitali ya jeshi la Waingereza katika miaka ya 1940. Karibu nayo wanawake wa mji hufanya kazi za mikono na kuchora nakshi juu ya mayai ya mbuni. Bibi alinunua moja, na limefika Mombasa salama, alhamdulillahi. Chakula chetu cha usiku kilikuwa cha Kichecheni: vipande vya unga vilivyochemshwa, nyama, na rojo la kitunguu saumu ambalo bibi ameshajaribu kulipika nyumbani mara mbili. Mwenye watoto asiache kupita Shaumari, hifadhi iliyoanzishwa 1975 jirani na hapo, akaone choroa wa Arabuni, ambaye aliwahi kutoweka porini na akarejeshwa.

Tulirudi Amman kwa barabara ya Zarqa. Njiani tulipita karibu na kambi kubwa ya wakimbizi wa Syria iliyofunguliwa 2014, vibanda vyeupe safu kwa safu juu ya ardhi kavu. Mama mmoja alikuwa akitembea na mtoto na dumu la maji. Hakuna kati yetu aliyesema neno hadi taa za mji zilipoonekana.

Tumesharudi nyumbani. Kitwitwi wa Mida wamekwenda zao, na inshallah watarejea mwezi wa Agosti. Bibi ametafuta kata ya zamani ya marehemu mama, ameiosha na kuitundika karibu na mfereji wa kutawadhia. Wajukuu wanaiona ni kitu cha kuchezea. Nasi tumeanza kuitumia.

Wabillahi tawfiq.